KUIKINGA KOMPYUTA YA NYUMBANI NA PROGRAMU ZA UPELELEZI
Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Katika vyama vingi vya msingi kazi ya katibu haiishii ofisini. Orodha ya wanachama, hesabu ya kilo zilizopokelewa ghalani na malipo ya kila mkulima huandikwa jioni katika kompyuta ya nyumbani, ile ile ambayo mchana watoto waliitumia kutazama filamu na kucheza michezo. Hilo peke yake si kosa, maana chama kisicho na kompyuta ya ofisi hakina njia nyingine. Lakini tangu siku hesabu za chama zilipoingia humo, kompyuta hiyo imekuwa sehemu ya ghala na sehemu ya kasha la fedha, na hapana budi ilindwe kama vitu hivyo vilindwavyo. Madhumuni ya somo hili ni kueleza programu za upelelezi ni nini, huingia kwa njia gani, na katibu afanye nini ili mlinzi wa kompyuta yake awe macho wakati wote.

1. Programu ya upelelezi ni nini?

Ni programu inayokaa katika kompyuta bila mwenyewe kujua kazi yake ya kweli, ikikusanya habari na kuzipeleka kwa mtu mwingine kwa njia ya intaneti. Zipo zinazoangalia tu kurasa unazosoma ili uletewe matangazo. Zipo nyingine zinazoandika kila herufi unayobonyeza, pamoja na neno la siri la benki. Kompyuta yaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kabisa, kwa kuwa mpelelezi hapendi kuonekana.

Tusidhani kwamba wezi wa namna hii hutafuta mabenki makubwa tu. Programu iitwayo Zeus, iliyojulikana tangu mwaka 2007, iliiba maneno ya siri ya benki kutoka katika kompyuta za watu. Mwezi Oktoba 2010, FBI ya Marekani ilitangaza kwamba kundi moja lililoitumia lilikuwa limekwisha kuiba kiasi cha dola milioni 70. Miongoni mwa walioibiwa walikuwamo wafanyabiashara wadogo, halmashauri za miji na makanisa. Chama cha msingi nacho kina akaunti yenye fedha za watu wengi, na watunza hesabu wachache.

2. Huingia kwa njia gani?

Wazee wetu wanamkumbuka dumuzi, aliyejulikana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mdudu yule hakuvunja mlango wa ghala. Aliingia pamoja na mahindi ambayo watu wenyewe waliyapokea. Programu ya upelelezi nayo mara nyingi hupokelewa na mwenye kompyuta kwa mkono wake. Njia zake kubwa ni tatu:

(a) Programu zilizonakiliwa bila leseni. Mtu hupewa programu ya bure iliyovunjwa kufuli, pamoja na maagizo kwamba azime kwanza ulinzi wa kompyuta ndipo iingie. Mgeni anayetaka mlinzi afukuzwe kabla yeye hajaingia hafai kupokelewa.

(b) Vitisho vya uongo. Ukurasa wa intaneti hutangaza kwa herufi nyekundu kwamba kompyuta yako ina virusi, nawe ubonyeze upate dawa. Dawa hiyo ndiyo maradhi. Mwezi Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Marekani ilipata amri ya mahakama dhidi ya wauzaji wa programu bandia kama WinFixer, ikieleza kwamba watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamedanganywa.

(c) Viambatisho vya baruapepe na flashi zinazopita mikono mingi.

3. Mlinzi yumo tayari

Makatibu wengi huuliza wanunue programu gani ya kinga. Kwa kompyuta zenye Windows, jibu ni kwamba mlinzi yumo ndani tayari, bila malipo. Mwezi Desemba 2004 kampuni ya Microsoft ilinunua kampuni ndogo iitwayo GIANT iliyotengeneza kinga dhidi ya upelelezi. Kinga hiyo ikaitwa Windows Defender, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 hushughulika na virusi pia. Leo huitwa Microsoft Defender. Chama kikipenda kununua kinga nyingine, kinunue kwa mtengenezaji anayejulikana, na iwe moja tu. Walinzi wawili wa zamu moja hugongana, na kompyuta huwa nzito.

4. Hatua za kuandaa ulinzi

Hatua ya kwanza: Weka akiba. Nakili hesabu za chama katika flashi au diski ya nje, kisha uichomoe na kuifungia kabatini. Akiba iliyoachwa ndani ya kompyuta huweza kuharibika pamoja nayo.

Hatua ya pili: Fanya marekebisho ya Windows. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya marekebisho, na uruhusu yote yaingie. Wenye Windows 10 wafahamu kwamba Microsoft ilikomesha marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayoweza kupokea Windows 11 na ihamishwe. Isiyoweza isitumiwe kwa shughuli za benki za chama bila ushauri wa fundi anayeaminika.

Hatua ya tatu: Washa ulinzi. Andika maneno Windows Security katika nafasi ya kutafutia, ufungue programu yenye alama ya ngao. Ingia sehemu ya virusi na vitisho, kisha mipangilio yake. Swichi ya kwanza ni ya ulinzi wa wakati wote. Lazima iwe imewashwa. Chini yake imo swichi inayozuia programu nyingine kuubadili ulinzi huo, nayo iwashwe. Halafu nenda sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, uwashe kizuizi cha programu zisizotakiwa, maana matangazo mengi ya kipelelezi huingia kwa mlango huo.

Hatua ya nne: Tenganisha akaunti. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi. Windows huwa na akaunti ya msimamizi, inayoweza kuweka programu yoyote, na akaunti ya kawaida, isiyoweza kuubadili mfumo bila neno la siri la msimamizi. Watoto wapewe akaunti yao ya kawaida. Katibu naye afanye kazi za kila siku katika akaunti ya kawaida iliyo yake peke yake, na ile ya msimamizi itumiwe tu pale inapohitajika kuweka programu aliyoichagua mwenyewe.

Hatua ya tano: Fanya uchunguzi. Chagua uchunguzi kamili, si ule wa haraka. Huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo uanzishwe jioni na kompyuta iachwe ikiwaka. Baada ya hapo uchunguzi wa haraka mara moja kwa juma unatosha, maadamu ulinzi wa wakati wote haujazimwa.

5. Mpelelezi akigunduliwa

Kwanza, katisha intaneti ili habari zisiendelee kutoka. Pili, iamuru kinga iitie programu hiyo karantini au iifute. Tatu, fanya uchunguzi wa nje ya Windows, ambao huiwasha kompyuta upya na kumtafuta mpelelezi kabla hajaamka. Huchukua kama dakika 15. Nne, badili maneno ya siri ya benki na ya baruapepe, lakini kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Ukiyabadili katika ile iliyoambukizwa, huenda ukampa mwizi yale mapya.

Tano, mwarifu Mwenyekiti na benki siku hiyo hiyo. Hapa ndipo makatibu waaminifu hukosea kwa sababu ya haya. Mtu huogopa kuambiwa mzembe, akanyamaza akitumaini hakuna kilichoibwa. Benki iliyoarifiwa asubuhi yaweza kuizuia hundi au hawala ya mchana; iliyoarifiwa baada ya juma moja hubaki na kazi ya kuandika taarifa ya hasara. Halmashauri nazo ziwapokee makatibu wanaotoa habari mapema kwa shukrani, si kwa kuwafokea, la sivyo hakuna atakayesema tena.

6. Wajibu wa chama

Ulinzi huu si hiari ya katibu peke yake. Katika Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka kila anayetunza habari za watu azihifadhi kwa usalama. Jina la mwanachama, namba yake ya simu na malipo yake ni mali yake. Chama kimekabidhiwa tu. Kwa hiyo yafaa halmashauri iandike katika muhtasari wake ni kompyuta ipi inatumiwa kwa hesabu za chama, nani anaruhusiwa kuigusa, na akiba inatunzwa wapi.

Maswali ya kujadili

1. Katika chama chenu, hesabu zimo katika kompyuta ya nani, na ni watu wangapi wanaitumia?
2. Kwa nini programu inayokutaka uzime ulinzi ni ya kukataliwa?
3. Kompyuta hiyo ikiibwa leo usiku, chama kitalipa wakulima kwa kutumia orodha ipi?
4. Katibu akigundua mpelelezi siku ya malipo, amwarifu nani kwanza, na kwa namba gani ya simu?

Jibu la swali la nne liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa sababu siku ya tatizo huenda kompyuta isifunguke.