Kubadili Bendera: Kisa cha Fabien Lefèvre

Wanachama wenzangu, kila mwanariadha wetu anapohamia nchi nyingine, huzuka kelele humu darasani. "Msaliti huyo!" "Aa, mwacheni atafute riziki!" Si mwakumbuka Stephen Cherono? Mwaka wa 2003 aligeuka Saif Saaeed Shaheen, akaishindia Qatar mbio za kuruka viunzi na maji kule Paris, mbele ya Ezekiel Kemboi wetu. Leo hebu tuutazame ubishi huo kupitia mchezo tusiouzoea: mbio za mitumbwi katika maji ya kasi.

Kwanza tuuelewe mchezo. Juu ya mkondo huning'inizwa miti miwili miwili, na kila jozi ni lango. Lango la kijani hupitwa kwa kufuata maji. Lile jekundu, ni lazima ugeuke ulipite ukipanda mkondo, na hapo ndipo jasho hutoka. Ukigusa mti waongezewa sekunde 2. Ukiruka lango ni sekunde 50, yaani kwaheri ya kuonana. Mwenye kayaki huketi na kutumia kafi lenye bapa pande zote mbili. Mwenye mtumbwi hupiga magoti na kafi lake lina bapa moja. (Tusichanganye kafi na kasia: kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, kafi hushikwa mikononi tu.)

Sasa tuje kwa bwana wetu. Lefèvre ni Mfaransa, mzaliwa wa 1982. Alikuwa bingwa wa dunia wa kayaki mwaka wa 2002, akiwa na miaka 20 tu, na tena 2003. Olimpiki ya Athens 2004 akapata shaba. Beijing 2008, fedha. Kule Beijing aliyemfuata, kwa tofauti ya sekunde 0.15, ni Benjamin Boukpeti, mzaliwa wa Ufaransa aliyeshindania Togo, nchi ya babake. Shaba hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Togo katika Olimpiki. Sijasikia Mtogo akimwita mgeni!

Mbona basi mtu mwenye medali zote hizo aihame Ufaransa? Tazama kanuni: katika Olimpiki kila nchi hupata nafasi chache tu kwa kila aina ya mbio. Ufaransa imejaa mabingwa. Unaweza kuwa miongoni mwa walio bora duniani na bado ukabaki nyumbani ukitazama runinga. London 2012, Lefèvre hakuwemo.

Mwaka uliofuata alianza kushindania Marekani. Mwaka wa 2014, mashindano ya dunia yalipofanyika huko huko Marekani, Deep Creek, Maryland, alitwaa dhahabu. Na si kwa kayaki iliyompa sifa, bali kwa mtumbwi wa kupiga magoti! Mimi hapo humvulia kofia.

Lakini kushindania nchi ni kitu kimoja, uraia ni kingine. Mashindano ya dunia yalimruhusu. Olimpiki hudai uwe raia. Rio 2016 ilifika kabla hajapata uraia wa Marekani, naye akaikosa. Dhahabu ya mtumbwi huko ilikwenda kwa Denis Gargaud Chanut wa Ufaransa, ambaye zamani walipiga kafi pamoja, wawili katika mtumbwi mmoja.