SOMO LA WIKI: Krenki ya Baiskeli ya Mashindano, Pima Kabla ya Kulipa

Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika barani Afrika. Wanaume wakubwa waliendesha kilomita 267.5 kwa zaidi ya saa sita, wakipanda na kushuka vilima vya mji ule. Aliyetazama kwa jicho la biashara alijifunza jambo moja: mlimani, ukiacha miguu ya mwendeshaji, kinachosaidia si rangi ya fremu bali hesabu ya meno ya spoketi.

Spoketi za mbele hubebwa na krenki, yaani mikono miwili inayoshika pedeli. Hii ni miongoni mwa spea ghali za baiskeli ya mashindano, na ndiyo ambayo wapenda baiskeli wengi hutamani kuibadilisha kwanza. Mwenye duka akiagiza isiyofaa, fedha yake inalala kwenye rafu. Mnunuzi akikosea, anarudi nyumbani na kitu kisichoingia kwenye fremu. Lipo pia kosa la tatu, linaloweza kumvunja mtu mifupa, nalo tutalifikia chini.

Somo letu ni fupi: bei iliyoandikwa kwenye krenki si gharama yake. Gharama hujulikana baada ya kupima fremu, kuhesabu meno na kusoma alama zilizo nyuma ya mkono.

1. Anza na fremu

Chini ya fremu, mahali mabomba yanapokutana, kuna bomba fupi la kulala ambamo ekseli ya krenki hupita. Hapo ndipo biashara nyingi huharibika. Chukua rula au kalipa, ondoa krenki ya zamani, kisha pima upana wa bomba hilo.

Fremu nyingi za zamani na baadhi ya mpya zina bomba lenye uzi wa skrubu wa Kiingereza, upana milimita 68. Katika aina hii kikombe cha beringi cha upande wa cheni hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Fundi asiyejua hilo hukaza akidhani anafungua, akaharibu uzi wa fremu nzima. Fremu za Kiitaliano zina upana wa milimita 70, na vikombe vyote viwili hukazwa kwa kufuata saa. Ukinunua vikombe vya Kiingereza kwa fremu ya Kiitaliano, umetupa fedha.

Fremu nyingi za kaboni hazina uzi kabisa. Beringi husukumwa kwa nguvu ndani ya bomba. Hapa pia vipimo ni vingi: aina moja ina upana wa milimita 86.5 na tundu la milimita 41, nyingine upana wa 68 na tundu la 42. Tofauti ya milimita moja ya tundu inatosha kukataa mali yote uliyoagiza.

Baada ya fremu, tazama ekseli. Krenki za zamani sana hushikwa kwa kotapini. Zilizofuata zina ekseli yenye ncha ya pembe nne. Krenki za kisasa za Shimano zina ekseli nene ya mviringo, kipenyo milimita 24, iliyoungana na mkono wa kulia. Anayetoka kwenye pembe nne kwenda ekseli ya milimita 24 hawezi kutumia beringi zake za zamani. Kwa hiyo bei ya krenki mpya ni krenki, jumlisha vikombe vya beringi, jumlisha fundi.

2. Hesabu meno

Krenki za spoketi mbili za baiskeli ya mashindano huja katika makundi matatu yanayojulikana sana: meno 53 na 39, meno 52 na 36, na meno 50 na 34. Kundi la kwanza ni la zamani na la wenye mbio. La tatu linafaa milima.

Kanuni ni rahisi. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzunguko wa gurudumu, ambao kwa magurudumu ya kawaida ya mashindano ni takriban mita 2.1. Jibu ni umbali ambao baiskeli inasogea kwa mzunguko mmoja wa pedeli.

Gia nyepesi ya kupandia, nyuma meno 28:
- Mbele 39: mita 2.93
- Mbele 36: mita 2.70
- Mbele 34: mita 2.55

Gia nzito ya kukimbilia, nyuma meno 11:
- Mbele 53: mita 10.12
- Mbele 50: mita 9.55

Soma hesabu hizo kama unavyosoma mizania. Ukitoka 53/39 kwenda 50/34, unapata nafuu ya takriban asilimia 13 mlimani, na unapoteza chini ya asilimia 6 kwenye mwendo wa juu. Je, hasara hiyo ni ya kweli? Mtu anayezungusha pedeli mara 90 kwa dakika kwenye gia ya 50 kwa 11 anakwenda kilomita 51 na nusu kwa saa. Mteja asiyefikia mwendo huo kwenye tambarare hana haja ya meno 53. Anayapenda tu, na wewe muuzaji mwambie ukweli.

Angalizo: krenki za zamani za 53/39 zenye bolti tano kwenye duara la milimita 130 hazikubali spoketi ndogo kuliko meno 38. Mteja akitaka meno 34, hawezi kubadilisha spoketi peke yake. Lazima abadili krenki nzima. Krenki ya duara la milimita 110 ndiyo inayopokea meno 34.

Ukipunguza spoketi kubwa kutoka 53 hadi 50, kihamisha cheni cha mbele nacho kishushwe takriban milimita 6, na cheni huenda ikahitaji kupunguzwa. Usipofanya hivyo gia zitagoma, na lawama zitaangukia krenki isiyo na kosa.

3. Je, ni krenki kweli anayoihitaji?

Rudia kanuni ile ile. Mbele 34 na nyuma 28 inatoa mita 2.55. Mbele 39 na nyuma 32 inatoa mita 2.56. Ni kitu kile kile! Maana yake, mteja mwenye krenki ya 53/39 anayelia mlimani anaweza kupata karibu nafuu yote kwa kubadilisha kaseti ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni nafuu zaidi na huwa inachakaa na kubadilishwa kwa vyovyote. Sharti ni moja: kihamisha gia cha nyuma kiwe cha kukubali meno 32. Vyenye mkono mfupi vya zamani mara nyingi havikubali.

Wengine hutaka krenki ya ngazi ya juu kwa ajili ya uzito. Tofauti kati ya krenki ya Shimano ya ngazi ya 105 na ile ya juu kabisa ya Dura-Ace haifiki gramu 150. Chupa moja ya lita ya maji ina gramu 1,000. Anayeshindana kwa sekunde ana sababu ya kulipa. Anayekwenda kazini na kufanya mazoezi Jumapili hana.

4. Mali ya mtumba: soma herufi mbili

Sasa lile kosa la tatu. Septemba 2023 kampuni ya Shimano ilitangaza kwamba baadhi ya krenki zake za gia 11 zikaguliwe. Mikono ya krenki hizo ni vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, na ndani mna uwazi. Gundi ikiachia, vipande hutengana na mkono unaweza kuvunjika mtu akiwa mwendoni. Marekani na Kanada peke yake zilihusika takriban krenki 760,000. Taarifa zaidi ya 4,500 za kutengana zilikuwa zimepokelewa, na watu sita walikuwa wameumia, wengine kwa kuvunjika mifupa.

Zinazohusika ni Ultegra FC-6800 na FC-R8000, na Dura-Ace FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P, zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019. Krenki za ngazi ya 105 hazimo. Nyuma ya mkono, upande wa pedeli, kuna herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Zinazohusika zinaanzia KF, yaani Juni 2012, hadi RF, yaani Juni 2019.

Si kila krenki yenye herufi hizo ni mbovu. Nyingi zilikaguliwa zikapita. Lakini baiskeli ikishatoka mkono wa kwanza, karatasi ya ukaguzi haisafiri nayo. Kwa mfanyabiashara ushauri wetu ni huu: krenki yenye herufi hizo ikija bila uthibitisho wa ukaguzi, usiiuze mpaka wakala anayetambuliwa na kampuni aikague. Hata ukipewa kwa nusu bei, bado haina bei. Faida ya krenki moja hailipi mguu wa mteja.

Kwa krenki nyingine za mtumba, safisha kwanza, kisha kagua kwa tochi: ufa kuzunguka tundu la pedeli, uzi wa pedeli uliolika, na meno yaliyochongoka kama pezi la papa. Urefu wa mkono umeandikwa hapo nyuma pia, kwa kawaida 165, 170, 172.5 au 175. Hakikisha mikono miwili inalingana. Jozi za kuokoteza zipo sokoni.

5. Hesabu ya mwenye duka

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Una mtaji wa shilingi 900,000. Unanunua krenki mbili za ngazi ya juu kwa 450,000 kila moja, ukitarajia faida ya 90,000 kwa kila moja. Zikimalizika baada ya miezi sita, umepata 180,000.

Mwenzako mwenye mtaji huo huo ananunua kaseti, cheni, spoketi za mbele na vikombe vya beringi. Faida yake ni asilimia 10 tu, lakini mali inaisha kila mwezi. Kwa miezi sita, bila kurudisha faida kwenye mtaji, amepata 540,000. Kilichomshinda wa kwanza ni mzunguko, si bei.

Hatusemi usiuze krenki. Tunasema krenki ghali iagizwe baada ya mteja kutoa arbuni, na baada ya wewe kuandika mambo matano: aina na upana wa bomba la fremu, kipenyo cha ekseli, meno anayotaka, urefu wa mkono, na idadi ya gia. Mteja atie sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi la wiki

Mteja ana krenki ya 52/36 na kaseti ya 11 hadi 28. Anataka nafuu mlimani na ana fedha kidogo. Piga hesabu ya mita kwa krenki ya 50/34 na kaseti ile ile, kisha kwa krenki yake na kaseti ya hadi 32. Jibu: 2.55 dhidi ya 2.36. Kaseti imeshinda, na mteja atarudi kwako.