Aibu ya Hanadi: Darsa la Usengenyaji



Tukifundishwa ubaya wa kusengenya, aghalabu tunapewa mfano wa mtu aliyesingiziwa. Filamu ya Kimisri Du'aa al-Karawan, aliyoiongoza Henry Barakat mwaka 1959 kutokana na riwaya ya Taha Hussein, inatupa mfano mgumu zaidi, kwani humo jambo la aibu lilitokea kweli.

Baba anauawa kwa kuandama wanawake. Mjomba anawafukuza kijijini mama na mabinti wawili ili kukwepa fedheha. Mkubwa, Hanadi, anapata kazi ya ndani kwa mhandisi, ambaye anamlaghai na kumvunjia heshima. Mjomba anamuua njiani. Mdogo wake, Amna (Faten Hamama), anaingia kazini katika nyumba ile ile akitafuta kisasi. Mwisho wake sisemi, itazameni.

Mjomba hakutaka shahidi. Alichoogopa ni "watu watasemaje?" Mhandisi akabaki kwake, salama. Suratun-Nur, aya ya 4, inamtaka anayemtuhumu mwanamke alete mashahidi wanne, la sivyo yeye ndiye apigwe mijeledi 80. Kijiji kimeigeuza hukumu hiyo juu chini. Na anayejitetea kwamba "lakini ni kweli" arejee hadithi iliyo katika Sahih Muslim: ukimtaja nduguyo kwa analolichukia, likiwa la kweli ndiyo ghiba yenyewe, likiwa la uongo ni buhtani.

Mimi ni mtu wa Mucojo, pwani ya Macomia, Cabo Delgado. Kwa Kiarabu, shabab ni vijana tu. Kwetu, tangu vita vianze Mocímboa da Praia Oktoba 2017, ndilo jina la wapiganaji wa msituni, na kijana akishaitwa hivyo amewekwa mbele ya bunduki. Haonekani wiki mbili, labda kaenda Pemba kutafuta kibarua. Kisimani mtu anauliza, "Yule naye kaingia?" Ni swali tu. Jioni limekuwa habari, na mama yake hasalimiwi tena.

Al-Hujurat, aya ya 12, inataja dhana kwanza, kisha kupelelezana, ndipo kusengenyana. Ni mpangilio ule ule wa kisimani. Aya ya 6 imeshatangulia kuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu.

Kwa halaka ijayo, someni An-Nur aya ya 11 hadi 20, mtazame filamu, na kila mmoja aje na jibu lake: nani na nani walimuua Hanadi?