Tarehe 30 Juni: majina na vitenzi

Kila tarehe 30 Juni, hapa Uvira wimbo Indépendance Cha Cha husikika, nasi wasemaji wa Kiswahili, Kifuliiru na Kibembe tunauitikia. Lakini wimbo ni wa Kilingala. Je, tunaelewa nini?

Nionavyo mimi, wengi wetu tunashika majina: Lumumba, Kasavubu, Kalonji, Tshombe, Abako, Conakat. Nomino za pekee hazihitaji mfasiri. Kinachotupita ni vitenzi.

Joseph Kabasele na kundi lake African Jazz waliutoa wimbo huu Brussels, mwanzoni mwa 1960, wakati wa mkutano wa Table Ronde, yaani meza ya duara. Tarehe 27 Januari mkutano huo ulikubali kwamba uhuru uwe tarehe 30 Juni. Vitenzi vya wimbo vinasema uhuru umekwisha kupatikana na vyama vimeelewana, ingawa siku yenyewe ilikuwa bado miezi 5 mbele.

Siku ikafika. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa huko huko Katanga. Majina yaliyoimbwa pamoja yalikuwa yametengana.

Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha asiishie kwenye majina. Amtafute msemaji wa Kilingala, wafasiri kitenzi kimoja kimoja, na kwa kila kimoja ajiulize: kinasimulia lililotokea, au lililotamaniwa? Hapo ndipo somo la sarufi linapokuwa somo la historia yetu.