Saa Imepotea, Sauti Haitoki: Hatua za Kufuata Kabla ya Kumwita Fundi

Makataa ya mtu binafsi kuwasilisha ritani za ushuru katika mfumo wa iTax ni Juni 30 kila mwaka. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa zaidi.

Kwa mfano, mkazi wa Kitengela anawasha kompyuta yake ya mezani siku mbili kabla ya makataa. Kivinjari kinamwonya kwamba muunganisho si salama. Anadhani intaneti ni mbovu, ananunua data zaidi, lakini hali ni ile ile. Kumbe tatizo liko kwenye kona ya skrini: kompyuta inaonyesha mwaka wa 2012.

Tovuti salama huwa na cheti cha kielektroniki chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Ikiamini kwamba ni mwaka wa 2012, cheti kilichotolewa juzi huonekana hakijaanza kutumika, na ukurasa haufunguki.

Saa: kuangalia imekosea kwa kiasi gani

Ikiwa imekosea kwa dakika chache, mtumiaji afungue mipangilio ya tarehe na saa, kisha aruhusu kompyuta ijirekebishe kupitia intaneti.

Ikiwa dakika ni sahihi lakini saa zimepishana, kwa mfano kwa saa tatu kamili, huenda eneo la saa ndilo lililokosewa. Achague Nairobi, ambayo ni UTC+3. Tofauti ya saa 12 kamili hutokana na kuchanganya AM na PM. Anayeweka saa kwa mkono akumbuke kwamba saa tatu asubuhi huandikwa 9:00 AM.

Ikiwa tarehe hurudi miaka mingi nyuma kila kompyuta inapokaa bila umeme, betri ya saa imeisha. Hii ni betri ndogo ya duara, ya volti 3, iliyo ndani ya sanduku ambalo wengi huliita CPU. Kazi yake ni kuendesha saa umeme unapokosekana. Kwa hivyo, kompyuta inayozimwa ukutani kila usiku humaliza betri hiyo mapema kuliko inayobaki kwenye umeme.

Kompyuta nyingi hutumia betri yenye maandishi CR2032, lakini ni vyema kusoma maandishi ya betri ya zamani kabla ya kununua. Kabla ya kufungua sanduku, waya wa umeme uchomolewe kabisa, na mtumiaji aguse chuma cha sanduku ili kuondoa umemetuli mwilini. Betri mpya iwekwe jinsi ile ya zamani ilivyokaa, kisha tarehe irekebishwe.

Betri hizo, mpya au kuukuu, ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, inaweza kumuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama halii.

Sauti: kuanza nje, kumalizia ndani

Kwanza, je, spika zimewashwa na kitufe chake cha sauti kimefunguliwa? Waya wa spika huchomekwa kwenye tundu ambalo kwa kawaida ni la kijani, nyuma ya sanduku. Lile la waridi ni la maikrofoni.

Pili, vichomekwe vipokea sauti vya masikioni vya simu. Vikitoa sauti, kompyuta ni nzima. Spika au waya wake ndio mbovu.

Tatu, mtumiaji abofye alama ya spika chini ya skrini na kuangalia kifaa kilichochaguliwa. Skrini iliyounganishwa kwa waya wa HDMI mara nyingi hupokea sauti yenyewe, hata kama haina spika. Achague spika zake.

Nne, kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Sauti isiporudi, draiva ya sauti, yaani programu inayowezesha kompyuta kutumia kifaa hicho, isasishwe.

Kompyuta ikiwa na matatizo yote mawili, saa irekebishwe kwanza. Tarehe mbaya inaweza kuzuia kompyuta kupakua masasisho, ikiwemo draiva hiyo.

Kwa anayeishi mbali na barabara ya Namanga, kubeba CPU kwa matatu hadi Kitengela au mjini Kajiado ni nauli na siku nzima ya kazi. Hatua nyingi kati ya hizi hazina gharama. Zikishindikana, fundi aelezwe kile ambacho tayari kimejaribiwa, ili asilipwe kwa kurudia kazi hiyo. Na makataa yakiwa karibu, ritani ziwasilishwe kwanza kwa kifaa kingine, kompyuta itangoja.