Lugha Mpya katika Kiini cha Kompyuta

Mkulima wa Sumbawanga anayelipwa fedha za mahindi yake kwa simu ya Android hutegemea programu ambayo huenda hajapata kuisikia: Linux, kiini cha mfumo unaoendesha simu hiyo. Kiini ndicho kinachozigawia programu nyingine kumbukumbu ya mashine. Kikiwa na kasoro, programu zote zilizo juu yake zimo hatarini.

Linus Torvalds aliianzisha Linux nchini Finland mwaka 1991 kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. C ina kasi, na humwachia mwandishi madaraka yote juu ya kumbukumbu. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa Ufipa. Kumbukumbu ni kama shamba la matuta ya ntumba, kila tuta na namba yake. Programu ikihitaji nafasi hukabidhiwa matuta kadhaa. Ikimaliza huyarudisha, yakapewa mwingine. Ikisahau kwamba imekwisha kuyarudisha, ikaendelea kulima, itang'oa miche isiyo yake. C haizuii jambo hilo, na wezi wa mitandao hupenya papo hapo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama ilizokuwa ikizirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu.

Lugha ya Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 na kutolewa rasmi mwaka 2015, imeweka kanuni. Kila tuta lina mwenyewe mmoja. Anaweza kuliazimisha: watazamaji wawe wengi, lakini anayelibadilisha awe mmoja, na wakati huo asiwepo mtazamaji. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine, hukagua kanuni hizo. Zikivunjwa, hukataa kazi. Hivyo kosa hukamatwa mezani kwa mwandishi kabla halijafika mkononi mwa mkulima.

Rust iliingizwa katika Linux toleo la 6.1, Desemba 2022. Mwezi Desemba 2025 watunzaji wake walikubaliana kwamba si jaribio tena. Hata hivyo, Linux ina mistari zaidi ya milioni 30, karibu yote ya C, wala haiwezekani kuiandika upya yote. Rust hutumika zaidi katika sehemu mpya, hasa programu za kuendeshea vifaa. Baadhi ya watunzaji walipinga kwa hoja nzito: anayebadilisha sehemu ya C huenda akavunja sehemu ya Rust inayoitegemea, na si wote wanaoijua lugha hiyo.

Tena Rust si kinga ya kila kosa. Panapokutana na C, mwandishi hulazimika kutia alama kwamba hapo kompaila haiwezi kuthibitisha usalama wote. Hesabu iliyopangwa vibaya nayo itabaki mbaya katika lugha yoyote.

Kwa hiyo mwanafunzi asiiache C. Aijue vyema, kisha ajifunze Rust. Kiini cha kesho kitahitaji watu wanaozielewa zote mbili.