Trekta ya Kikundi Ikizima Shambani, Tuanzie Wapi?

Ndugu wanakikundi, mvua ikianza kila mtu anataka kulimiwa. Trekta ikilala siku mbili tu, yule wa mwisho kwenye orodha atapanda akiwa amechelewa. Mara nyingi shida si injini. Ni dizeli haifiki. Kabla hatujachanga pesa za pampu mpya, tufuate njia ya dizeli kutoka kwa tangi mpaka kwa nozeli.

DALILI
- Inawaka, inakohoa, kisha inazima: pengine imevuta hewa.
- Ikiwa imesimama inanguruma vizuri, lakini ikivuta plau inakosa nguvu: mara nyingi filta ya dizeli imeziba.
- Inatoa moshi mweusi: tuangalie kwanza filta ya hewa.

HATUA
1. Tangi. Je, dizeli imo? Legezeni kifuniko. Nguvu zikirudi, kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba.
2. Kikombe chini ya filta. Fungueni skrubu, mtoe maji na uchafu kwenye kopo. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo hukaa chini.
3. Filta. Ile ya karatasi haioshwi. Ikichafuka wekeni mpya.
4. Kutoa hewa. Trekta nyingi za zamani, kama Massey Ferguson 240, zina pampu ndogo ya mkono kando ya injini. Legezeni skrubu juu ya filta, mpige pampu mpaka povu liishe, kisha mkaze dizeli ikiendelea kutoka. Fanyeni vivyo hivyo kwa skrubu za pampu kubwa. Kama mkono wa pampu hausukumi kitu, zungusheni injini kidogo na mjaribu tena.
5. Bado haiwaki? Legezeni kidogo nati za paipu kwenye nozeli, mpige stata mpaka dizeli itoke, kisha mkaze.

HATARI! Dizeli ya nozeli hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Msitafute panapovuja kwa mkono. Tumieni kipande cha katoni. Aliyetobolewa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Yote haya yakishindikana, pampu kubwa na nozeli zisifunguliwe chini ya mwembe. Hizo ni za fundi mwenye mashine ya kupimia.

KINGA NI BORA
Tujaze tangi jioni, kwa sababu unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi tupu hugeuka maji usiku. Dizeli ya pipa itulie kwanza, na tusivute ile ya chini kabisa. Tusiiweke kwenye chombo cha mabati.

TUJADILIANE KIKUNDINI
1. Mbali na dereva, nani kati yetu anajua kutoa hewa?
2. Filta ya akiba iko wapi, na pesa za kununua nyingine zinatoka wapi?
3. Je, daftari letu linaonyesha siku filta ilipobadilishwa?